Niliyojifunza kuhusu "chuck out" katika kazi ya ukalimani

Katika vitenzi vyote vya Kiingereza cha mtaani ninavyokutana navyo kazini, "chuck out" ndicho ninachokichukulia kwa uangalifu kuliko vyote. Ni kifupi, kinasemwa haraka, na wageni wengi wanaofika Uingereza hukisikia wiki zao za mwanzo kazini bila kuwahi kukiona katika kitabu chochote cha shule. Kamusi hukipa maana mbili kubwa: kutupa kitu usichokihitaji, na kumfukuza mtu mahali. Zote mbili ni sahihi. Lakini mtu akibeba hizo mbili tu akaingia nazo kazini, ofisini au shuleni kwa mwanawe, ataelewa maneno na bado habari yenyewe impite.

Mimi ni mkalimani kati ya Kiswahili na Kiingereza. Naitwa kwenye vikao vya shule, ofisi za makazi, kwa mawakili, na jioni nafundisha watu wazima Kiingereza cha kazini. Kwa miaka yote hiyo kitenzi hiki kimenijia kupitia kwa watu mbalimbali, na karibu kila mara jambo lililohitaji kufafanuliwa lilikuwa ni nani anafukuzwa au nini kinatupwa, kutoka wapi, na kwa nguvu ya nani. Kitenzi chenyewe hakisemi hayo. Kinachosema ni maneno yaliyokizunguka.

Nianze na vitu, maana ndiko watu wengi wanakoanzia. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akifanya kazi ya kusafisha na kuhamisha vitu katika majengo ya ofisi. Jioni moja alinionyesha picha aliyopiga kwa simu: rundo la makabati, viti viwili vilivyovunjika mguu, printa moja, na maboksi ya karatasi yaliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Juu ya boksi la kwanza palibandikwa karatasi imeandikwa kwa kalamu nene, "Chuck out". Swali lake lilikuwa rahisi: hivi vyote navipeleka kwenye pipa?

Maana ya maneno aliijua barabara. Alichokuwa akiuliza ni jambo ambalo maneno yale hayalisemi. "Chuck out" inakuambia kwamba kitu kinatoka na hakirudi. Haikuambii kinakwenda wapi. Viti vile vingeweza kwenda jalalani. Printa haiwezi: vifaa vya umeme vinavyouzwa Uingereza na Ulaya vina alama ya pipa la magurudumu lililopigwa mistari miwili ya kukatana, na maana yake ni kwamba kifaa hicho hakitakiwi kuingia katika taka za kawaida, kinakusanywa peke yake. Yale maboksi ndiyo yaliyohitaji swali kabla ya yote, kwa sababu karatasi za ofisi zikiwa na majina na taarifa za watu huchanwachanwa kwanza kwa mashine. Mtu aliyeandika "Chuck out" juu ya boksi huenda alikuwa na hayo yote kichwani, akaona hayana haja ya kuandikwa. Basi tukafanya mazoezi ya swali moja fupi la kumwuliza msimamizi: haya yanakwenda wapi, kwenye pipa, kwenye mashine ya kuchana, au kwa wanaokusanya vya umeme? Nimewafundisha wengi swali hilo tangu hapo, na nalithamini kuliko orodha yoyote ya visawe. Mwingereza anaweza kusema "we chucked out the sofa" na kumbe sofa lenyewe limechukuliwa na watu wa hisani, liko sebuleni kwa mtu mwingine.

Kitenzi hiki kikisemwa juu ya vitu huwa na wepesi fulani, hata furaha. Mwaka 1996 kampuni ya samani ya IKEA ilirusha tangazo la televisheni nchini Uingereza likiwahimiza watu "chuck out your chintz", yaani waachane na mapazia na vitambaa vyao vya maua maua. Tangazo lile lilikumbukwa sana, na naona sababu yake. Lingesema "dispose of" lingesikika kama tangazo la halmashauri kuhusu siku za kuzoa taka. "Chuck" ni kurusha kwa kiganja tu, bila kukaza mkono. Karne ya 16 neno hilo lilitumika kwa kumgusa mtu kidogo chini ya kidevu, na mpaka leo Waingereza wana msemo huo wa kumgusa mtoto kidevuni. Kutoka hapo likaja kuwa kurusha kitu kwa wepesi. Wepesi huo haujatoka. Anayesema "chuck it out" anakuambia pia kwamba hakijali sana kitu hicho, au anataka uone hivyo.

Sasa chukua wepesi huohuo umpeleke kwa binadamu. Hapo ndipo mambo hubadilika, na hapo ndipo nimetumia muda wangu mwingi.

Siku moja nilikuwa nje ya chumba cha kikao, nikisubiri kuitwa, mama mmoja niliyemfahamu kwa kazi hizihizi akanijia ameshika simu kwa mikono miwili. "Dada, hebu nisomee hii vizuri. Mwanangu kafukuzwa shule?" Ujumbe ulisema: "got chucked out of maths again". Mama alikuwa amekwishatafsiri yote isipokuwa lile neno la hesabu, na uso ulikuwa umempauka. Nikamwambia, mama, angalia hapa, "out of maths". Katolewa kwenye kipindi cha hesabu. Yuko shuleni, huenda amesimama koridoni. Na hili neno "again" linasema si mara ya kwanza, hilo ndilo la kuzungumza naye akirudi. Akashusha pumzi, kisha akakasirika, na nadhani hasira ile ilikuwa na haki yake kuliko hofu iliyotangulia.

Kilichomwokoa na hofu yake ni kineno "of" na kinachokifuata. Mtoto wa England akisema "I got chucked out", anaweza kuwa na maana ya mambo manne yasiyolingana hata kidogo. La kwanza ni kutolewa darasani kwa kipindi hicho. La pili ni kusimamishwa masomo kwa siku kadhaa. Hilo ni tendo rasmi, mwalimu mkuu pekee ndiye mwenye mamlaka nalo, na kwa mwaka mmoja wa masomo siku hizo zikijumlishwa haziruhusiwi kuzidi 45. La tatu ni kufukuzwa moja kwa moja, ambako nako mwalimu mkuu ndiye anayeamua, na kuanzia siku ya sita ya masomo halmashauri inawajibika kumpatia mtoto elimu mahali pengine. La nne ndilo wazazi wengi hawalijui: mtoto anaambiwa "nenda nyumbani upoe", bila barua wala kumbukumbu yoyote. Mwongozo wa serikali kwa shule za England unasema wazi kwamba kumrudisha mtoto nyumbani kwa mtindo huo ni kinyume cha sheria, hata kama mzazi amekubali.

Kwa hiyo mzazi anaposikia neno hilo, maswali yake ni matatu: umetolewa wapi, nani kakutoa, na kuna barua? Barua ikiwapo, ndani yake hutaona "chuck out" hata mara moja. Utaona "suspension" au "permanent exclusion". Mtoto anaongea lugha ya koridoni, shule inaandika lugha ya ofisini, na mzazi aliye katikati anahitaji mtu wa kumwambia kama wote wawili wanazungumzia kitu kimoja. Mara nyingine hawazungumzii kitu kimoja, na hilo likibainika mapema huokoa mengi.

Kuhusu baa nitapita haraka. Kuna msemo "chucking-out time", yaani saa ya kufunga. Kwa miaka mingi baa za England zilifunga saa tano usiku siku za kawaida, wateja wote wakamwagika barabarani kwa pamoja. Sheria ya leseni ya mwaka 2003, iliyoanza kufanya kazi Novemba 2005, ilizipa baa nafasi ya kuomba saa tofauti, lakini msemo haukuondoka. Dereva wa teksi akiambiwa "it's chucking-out time" asidhani kuna ugomvi. Anaambiwa kwamba abiria wataongezeka. Anayetoa watu kwa nguvu ni baunsa, ambaye zamani Waingereza walimwita "chucker-out" na ambaye leseni yake leo inamwita "door supervisor". Majina matatu kwa mtu mmoja, na kila moja lina mahali pake. Mwanafunzi wangu aliyekuwa akiomba kazi hiyo aliandika jina la leseni kwenye fomu, na kwenye usaili akaelewa walipomwita "bouncer". Ndivyo inavyotakiwa.

Mahali ambapo uzito wa kitenzi hiki ulinishika kweli ni kwenye ofisi za makazi. Huko mara nyingi naenda upande wa pili: mteja anasema Kiswahili, nami natafuta Kiingereza chake.

Mwanamume mmoja alikuwa akipanga chumba. Alisimulia kwa utulivu, mkono mmoja ukizungusha funguo ambayo haikuwa na kazi tena. Akasema: "Nilirudi kutoka kazini usiku, nikakuta mwenye nyumba kanifungashia virago. Begi liko nje, kitasa kimebadilishwa." Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Ningeweza kusema "He evicted me". Ni Kiingereza safi, na kwenye karatasi kingependeza. Nikasema "He chucked me out", nikaendelea na begi na kitasa kama alivyosimulia.

Nilichagua hivyo kwa sababu "evict", katika chumba kama kile, ni neno linalobeba utaratibu mgongoni. Ofisa akilisikia anaweza kufikiria notisi, mahakama, na madalali wa mahakama wenye hati mkononi. Kwa England na Wales kuna sheria ya mwaka 1977 inayowalinda wakazi dhidi ya kuondolewa kienyeji, na kumtoa mpangaji kwa kubadilisha kitasa kunaweza kuwa kosa la jinai. Lakini ulinzi huo hauko sawa kwa kila mtu: anayeishi ndani ya nyumba ya mwenye nyumba na kutumia naye jiko au sebule huwa na kinga ndogo zaidi, akipewa notisi ya muda wa kutosha mahakama si lazima. Hayo yote ni ya ofisa kuyauliza na ya wakili kuyapima. Kazi yangu ilikuwa kutomfungia mteja mlango kwa neno la kisheria ambalo yeye hakulisema. Ofisa aliposikia "chucked me out" aliinua macho akauliza: alikupa chochote cha maandishi? Hilo ndilo swali lililokuwa linahitajika. Wala halikutokana na werevu wangu. Lilitokana na mteja kusimulia kwa maneno ya mtu aliyetendewa, na maneno hayo kufika yakiwa hayajapigwa pasi.

Naliamini hili kwa dhati, na wakalimani wenzangu vijana huwa nawaambia bila kuzunguka. Mtu akisema ametimuliwa, usimwandikie kwamba ameondolewa. Akisema amefurushwa, usimwambie ofisa kwamba aliombwa kuondoka. Kiswahili kina ngazi nyingi hapa, kuanzia kutolewa, kuondoshwa, kufukuzwa, kutimuliwa, kufurushwa, mpaka kufungashiwa virago, na mzungumzaji huchagua ngazi yake kwa sababu. Kiingereza nacho kina zake: "asked to leave", "removed", "thrown out", "kicked out", "chucked out", "turfed out", "booted out". Ngazi hizi hazipangani moja kwa moja, lakini unaweza kusikia hasira iko wapi na aibu iko wapi. Hasira ya mtu ikisafishwa njiani, anayesikiliza hupata tukio la amani ambalo halikutokea. Na ikiongezwa chumvi, ni kosa vilevile. "Kicked out" ina teke ndani yake. Kama mteja hakutaja nguvu, naliacha.

Upande wa mahakama na bunge kitenzi hubadilisha nguo. Huko magazeti hupendelea "throw out", na "chuck out" hubaki kwa walioko nje ya mlango wakisimuliana. Vitabu vya historia husema Baraza la Malord, yaani baraza la juu la bunge la Uingereza, "threw out" bajeti ya David Lloyd George, waziri wa fedha wa wakati huo, tarehe 30 Novemba 1909, kwa kura 350 dhidi ya 75. Tendo lile lilizua chaguzi kuu mbili mwaka 1910, kisha sheria ya mwaka 1911 iliyowanyang'anya Malord uwezo wa kuzuia miswada ya fedha. Nalitumia tukio hilo darasani kwa sababu linaonyesha kwamba "throw out" haina utani. Inaweza kubeba mgogoro wa katiba nzima. Ungesema Malord "chucked out" bajeti, ungekuwa unasimulia kwa rafiki. Tendo ni lilelile, umbali wa msemaji ndio umebadilika.

Na kesi? Mteja atakuambia "they chucked out my case", kama Kiswahili cha habari kinavyosema kesi imetupiliwa mbali. Hapo pia nauliza barua. Katika Kiingereza cha mahakama kuna "struck out" na kuna "dismissed", na tofauti yake inaweza kuamua kama mtu bado ana njia ya kurudi. Kueleza tofauti hiyo ni kazi ya wakili. Mimi nahakikisha tu kwamba neno lililoandikwa ndilo alilolisikia mteja kwa Kiswahili, na kwamba "wametupa kesi yangu" haikumfikia wakili kama jambo lisilo na jina.

Sasa nifike kwenye maana inayonifurahisha kuifundisha kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama Kiingereza kimejipinga chenyewe.

Mwanafunzi mwingine, kijana makini anayeandika kila kitu, alileta kumbukumbu za mkutano wa kazini kwake. Meneja alikuwa amefungua mkutano kwa kusema, "I'm just going to throw out a few ideas." Kijana akaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri: meneja atayakataa mawazo kadhaa. Kisha akakaa mkutano mzima akisubiri mawazo yakataliwe, wakati meneja alikuwa akiyatoa. Wengine husema "chuck a few ideas out there" kwa maana hiyohiyo: natupia tu mawazo mezani, yachukueni mkiyapenda.

Lakini wiki iliyofuata barua pepe ikasema, "The board threw out the idea." Safari hii wazo lilikuwa limekataliwa kweli. Kijana akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayedai haki: "Mwalimu, kitenzi kimoja kinawezaje kuwa na maana ya kutoa wazo na maana ya kulikataa?"

Tulikaa na sentensi hizo mbili darasa lote. Jibu liko kwenye vile vineno vidogo ambavyo wanafunzi wengi huviona kama mapambo, "a" na "the". "A few ideas" ni mawazo ambayo hujayasikia bado. Kitu ambacho hakijafika mezani hakiwezi kukataliwa, kwa hiyo kinatolewa. "The idea" ni wazo lile tunalolijua wote, lililokwishajadiliwa. Lililo mezani tayari haliwezi kuletwa tena, kwa hiyo linaondolewa. Kisha nikawapa jaribio gumu zaidi: "We threw out a few of the ideas." Darasa likagawanyika. Wengine walishika "a few" wakasema yametolewa. Yule kijana akanyanyua mkono: "Hapana, kuna 'of the'. Ni baadhi ya yale mawazo. Yamekataliwa." Alikuwa sahihi kabisa, na nilimwona akiandika vineno hivyo viwili kwa wino mwekundu.

Nina mawazo makali juu ya namna vitenzi hivi vinavyofundishwa. Orodha ndefu, upande wa kushoto kitenzi, upande wa kulia maana, kariri kumi kwa leo. Njia hiyo humpa mtu kitenzi kikiwa uchi. "Throw out" peke yake haina maana ya kukariri. "Throw out an idea" ina moja, "throw out the idea" ina nyingine, na "throw out your back", ambayo utaisikia zaidi kwa Wamarekani, ina ya tatu, nayo ni kuteguka mgongo. Mwanafunzi ajifunze kitenzi kikiwa na mtendwa wake, kama watu wanavyokisema. Atajifunza vichache kwa wiki, lakini vitamjia mdomoni vikiwa vizima.

Maana ya kutoa ina ndugu yake kwenye joto na moshi. Kwenye ubao wa matangazo ya kazini mtu alikuwa anauza hita ndogo iliyotumika, akaandika "chucks out loads of heat". Mwanamke mmoja darasani aliiacha, akidhani inavuja joto na kupoteza umeme. Muuzaji alikuwa anaisifia: inatoa joto la nguvu. Kitenzi hichohicho kikisemwa juu ya gari, "chucking out black smoke", ni malalamiko, gari linatema moshi mweusi. Kiwanda nacho "chucks out" bidhaa kwa maelfu, na hapo msemaji huwa anadokeza kwamba ubora haukuangaliwa sana. Joto tunalitaka, moshi hatuutaki, na kitenzi kinasubiri kijue kimebeba nini.

Limebaki la mpangilio wa maneno, ambalo wengi huliogopa bila sababu. Unaweza kusema "chuck out the chairs" au "chuck the chairs out". Lakini kitu kikishakuwa "it" au "them", lazima kiingie katikati: "chuck it out", "chuck them out". "Chuck out it" haisemwi. Wanafunzi waliambiwa kanuni hii mara nyingi na wakaisahau mara nyingi, mpaka nilipoacha kuieleza kwa Kiingereza nikaanzia kwao. Kwa Kiswahili tunasema "tupa viti". Viti vikishajulikana tunasema "vitupe", na hicho "vi" kimesogea na kushikana na kitenzi. Hatusubiri mwishoni kukitaja. Kiingereza kinafanya jambo la karibu na hilo: kinachojulikana tayari kinasogezwa kikae ubavuni mwa "chuck", na "out" inasubiri nyuma.

Tukifika hapo nawapa sentensi za Kiswahili wazigeuze papo hapo, kwa sauti, bila kuandika. Litupe. Wafukuze. Mtoe nje. Zitoe kwenye boksi. Ile ya mwisho huwasimamisha kidogo kwa sababu inahitaji "out of" na mahali pake, kisha mtu mmoja huipata, na wengine humfuata. Baada ya hapo huwa wako tayari kwa "chuck in", ya kuacha kazi, na "chuck up", ya kutapika, na tunaanza upya kuuliza kinachobebwa ni nini.